Kigoda cha Mtaa wa Mikoroshini

Nchi yenyewe msihangaike kuitafuta. Si jirani na kwenu, haifanani na kwenu, na kama kuna mtu hapa ameshaanza kutabasamu kabla sijasema kitu, huyo ana lake jambo. Mimi nasimulia tu. Sina ugomvi na mtu, na chakula cha jela tumbo langu halikiwezi.

Katika nchi hiyo uhalifu ulikuwa umekwisha. Zamani ulikuwepo kama kwingine kote, na kesi zilirundikana mahakamani mpaka mashahidi wanakufa na watoto wao wanaitwa kutoa ushahidi wa mambo waliyosimuliwa. Ndipo Mkuu wa Nchi alipokaa na washauri wake wakagundua jambo ambalo hakuna taifa lililowahi kuligundua: kinachomkera mwananchi si kosa, ni kosa lisilo na mwenyewe. Likishapata mwenyewe, roho inatulia. Sasa kwa nini serikali ihangaike kumtafuta mwenyewe hasa, wakati watu wapo wengi tu wamekaa majumbani?

Ikatungwa Sheria ya Kigoda. Kila mtaa ukapewa kigoda kimoja cha mninga, cha miguu mitatu. Kinakaa mlangoni pa nyumba moja wiki nzima, na Jumamosi adhuhuri kinahamia nyumba ya pili, kwa zamu, kama zamu ya kuzibua mtaro. Likiripotiwa kosa wiki hiyo, nyumba yenye kigoda inatoa mtu wake mmoja, anakikalia mbele ya polisi. Polisi anauliza swali moja tu: "Umekaa?" Mtu anajibu: "Nimekaa." Kesi imekwisha. Hakuna wakili, hakuna rufaa, hakuna njoo kesho. Aliyekaa hainuki mpaka apokewe, yaani mtu wa familia yake akae badala yake, na jua likizama akiwa bado amekaa, basi kosa ni lake moja kwa moja, hata kama siku ya tukio alikuwa kwenye harusi mkoa mwingine.

Nyumba za viongozi zilisamehewa zamu, kwa maelezo kwamba kiongozi ana viti vingi tayari.

Matokeo yake yalishangaza dunia. Nani ataripoti wizi wakati anajua atakayekwenda jela ni mtoto wa jirani, na wiki ijayo zamu ni ya nyumba yake? Taarifa za uhalifu zikapungua, zikapungua, zikaisha. Wataalamu walitoka nje na kamera zao kuja kujifunza. Na wezi, jamani, nao walinenepa.

*

Kigoda kilipoingia nyumbani kwa Stamili, alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka mlangoni, halafu akaenda chumbani kulia kidogo. Stamili alikuwa fundi cherehani. Mumewe Chande alikuwa seremala, mtu wa maneno machache na kichwa kigumu. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Fikirini, kijana mrefu mwenye aibu ambaye alitengeneza redio na ambaye mwezi uliopita alikuwa amepeleka posa mahali na kukubaliwa. Katika nyumba ya watu watatu yenye kijana mmoja, mnaelewa wenyewe kigoda kilikuwa kinamtazama nani.

Wiki ile Stamili akawa mtumishi wa mtaa mzima. Kuku wa mtu akichelewa kurudi, yeye ndiye wa kwanza kuingia vichakani kumtafuta, maana kuku asiporudi ataitwa ameibwa, na akiitwa ameibwa, Fikirini amekwenda. Aliwaanulia watu nguo kabla hazijakauka. Aliwafungia watu milango yao. Jirani yake na shoga yake, Bi Sauda, alimkuta siku moja amesimama uani kwake analinda sufuria.

"Wewe nenda kapumzike," Bi Sauda alimwambia. "Hata likiibwa, mimi nitasema nimelitupa mwenyewe."

"Najua, mwenzangu. Lakini naomba nilitazame tu."

Na kila asubuhi alipeleka kifungua kinywa kwa Baruti. Baruti alikuwa mpwa wa Mwenyekiti wa Mtaa, Bwana Kipingu. Kazi yake kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Ukiuliza, watakwambia Baruti ni mtu wa kuhamisha vyombo. Ilikuwa desturi ya Mikoroshini kwamba nyumba yenye kigoda humpelekea Baruti chai, chapati na maharage mpaka zamu yake iishe, ili wiki hiyo apumzike au akahamishe vyombo vya mitaa mingine. Naye alikuwa muungwana kwa namna yake. Sahani alizirudisha zimeoshwa, na kama sukari haikutosha, alituma mtu kusema.

Ijumaa asubuhi, zamu ikiwa imebaki siku moja tu, Chande aliweka mkono wake juu ya sahani.

"Leo haiendi," akasema.

"Baba Fikirini, kesho adhuhuri kigoda kinaondoka. Vumilia leo tu."

"Mtu aliyechukua randa yangu mwaka juzi, akapita nayo hapa mlangoni akanisalimia. Nimemlisha wiki nzima. Leo chapati zangu nakula mwenyewe."

Akazila zote, taratibu, akiwa amekaa wima kama mtu aliyeko mezani kwa wageni. Stamili alimtazama anavyotafuna huku akihesabu saa zilizobaki. Lakini moyoni, na hili msimwambie mtu, alimpenda siku ile kuliko siku aliyoolewa.

*

Baruti alikuja saa tatu, mchana kweupe. Wezi wa nchi ile walikuwa wameshaachana na mambo ya usiku. Usiku ni wa kulala na familia. Alikuja na vijana wawili na mkokoteni, akabisha hodi, na Stamili, kwa mazoea ya kulelewa vizuri, akaitika karibu.

"Nilikaa nikasubiri chai," Baruti alisema akiingia. "Nikasema, hawa watu labda wamepatwa na msiba."

Walibeba godoro, redio za watu ambazo Fikirini alikuwa anazitengeneza, na masufuria. Baruti alitungua msumarini koti la Chande la kahawia, akalijaribu, likamkaa. Lilikuwa na kiraka cha kijani kwenye kiwiko, Stamili alikishona mwenyewe. Mpaka hapo Chande alikuwa anatazama tu. Walipoinua cherehani ndipo akaishika kwa mikono miwili.

"Hii ya mke wangu," akasema.

"Mzee, achia."

"Hii ya mke wangu."

Panga lilimwingia chini ya bega, likashuka. Lilikuwa pigo moja. Chande akakaa chini polepole, bado anaitazama cherehani, na ikaondoka mbele ya macho yake. Mkokoteni ulipokuwa unapita mlangoni, kigoda kiliziba njia. Baruti akakiinua, akakisogeza, na mkokoteni ulipokwisha kupita akakifuta vumbi kwa mkono wa koti la Chande na kukirudisha mahali pake.

"Hiki mali ya serikali," aliwaambia vijana wake.

*

Hospitalini alikuwepo daktari kijana, mwanamke, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Fikirini alikuwa amembeba baba yake mgongoni njia nzima.

"Mgonjwa amepatwa na nini?" daktari aliuliza, ingawa jeraha alikuwa analiona.

"Ameanguka," Stamili alisema. Hivyo ndivyo watu wote walivyosema katika nchi ile.

Daktari akaonyesha ukutani. Palikuwa na tangazo la Wizara, lenye picha ya familia imesimama imenyooka inatabasamu. Wizara ilikuwa imegundua kwamba wananchi wanaanguka kupita kiasi, wengine wanaangukia mapanga, wengine wanaangukia risasi, na kwa kuwa jambo hilo linaaibisha taifa, kuanguka kumepigwa marufuku. Kampeni yenyewe iliitwa Simama Imara.

"Siku hizi hatupokei walioanguka, mama. Lete kibali cha polisi kwamba kuna kosa limeripotiwa. Bila kibali kabati la nyuzi na sindano halifunguliwi. Ufunguo anao karani, naye hafungui bila muhuri; Mganga Mkuu wa kumwamuru yuko kwenye sherehe."

"Na nikiripoti?"

"Kigoda kiko kwa nani?"

Stamili akamtazama Fikirini. Daktari akaelewa, akashusha macho. Halafu akavua kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, akakikunja, akakikandamiza kwenye jeraha na kukifunga kwa nguvu.

"Hiki kitazuia kidogo," alisema kwa sauti ya chini. "Kesho hatafika, mama. Sikudanganyi. Akishonwa kabla ya jua kuzama, ana nafasi."

Kesho adhuhuri kigoda kingehama. Stamili alipiga hesabu hiyo mara moja tu, akaona haimfai, akaiacha.

*

Alikimbilia kwanza kwa Bi Sauda, maana zamu ya pili ilikuwa yake. Desturi iliruhusu nyumba ya pili kukipokea kigoda kabla ya wakati wake, kwa hiari.

Bi Sauda alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alilia machozi ya kweli, akamshika Stamili mikono.

"Nakupenda kama ndugu," alisema. "Lakini mimi nina mtoto mmoja tu, Mwanaisha. Usiniombe hilo."

Akafunga mlango polepole, bila kishindo, na Stamili akasikia komeo la juu, kisha la kati, kisha la chini. Hakumchukia. Wiki nyingine, na yeye angefunga hivyo hivyo.

Akarudi hospitalini, wakakaa kikao cha familia chini ya dirisha la wodi. Alikuwepo yeye, Fikirini, na shemeji yake Mahimbo, mdogo wake Chande, ambaye alikuja amevaa kanzu safi na ameshajiandaa kusema.

"Kwanza nitoe pole," Mahimbo alianza. "Pili, tuzungumze kama watu wazima. Kaka yangu lazima ashonwe. Kigoda lazima kipate mtu. Mimi ningekaa, Mungu ananiona, ila nina mgongo. Kile kigoda kifupi."

"Nitakaa mimi," Fikirini alisema.

"Hukai," mama yake akamwambia.

"Kijana amesema mwenyewe," Mahimbo akadakia. "Na kwa sura ya nje inapendeza. Baba na mwana wamegombana, mwana kapandwa na hasira, watu wataelewa."

"Nimempiga baba panga?" Fikirini aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba. "Nikae mbele ya watu, mbele ya wakwe zangu, niseme nimempiga baba panga?"

"Hutasema kitu. Utakaa tu."

Stamili alimtazama mwanawe, mikono yake mirefu ikiwa bado na damu ya baba yake iliyokauka. Alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, na hakujua aimwage kwa nani, maana aliyestahili kumwagiwa alikuwa amevaa koti la mumewe na pengine muda ule alikuwa anakula.

"Nitakaa mimi," alisema. "Mke kampiga mume panga, na hilo nalo linapendeza kwa sura ya nje."

"Nenda, shemeji," Mahimbo alisema haraka. "Tutakuja kukupokea. Watu wa familia tupo."

*

Kituo cha polisi kilikuwa kimefungwa. Polisi wote walikuwa kwenye uwanja wa shule, ambako mtaa wa Mikoroshini ulikuwa unapewa Tuzo ya Utulivu kwa kukaa mwaka mzima bila kosa hata moja. Stamili akapita nyumbani, akakiweka kigoda kichwani na kuelekea uwanjani. Fikirini alimfuata nyuma akimsihi. Mahimbo naye alifuata, lakini kwa mbali.

Uwanjani palikuwa na maturubai, bendi, kamera za televisheni, wageni kutoka nje, na watoto waliopangwa juani na bendera. Kilikosekana kitu kimoja tu, nacho ni kochi la Mgeni Rasmi. Lilikuwa kochi jekundu la Mwenyekiti Kipingu, Chande ndiye aliyelichonga, nalo lilifikishwa jukwaani asubuhi. Baadaye mtaa mzima ulimwona Baruti akipita nalo kwenye mkokoteni. Lakini nani angesema limeibwa, siku ya Tuzo ya Utulivu? Mwenyekiti alimwambia mtu wa itifaki kwamba kochi limetangulia.

"Limetangulia wapi?"

"Mbele."

Viti vya plastiki vilikuwepo tele, ila itifaki ilikataza Waziri kukalia kiti kinachofanana na cha mtu mwingine. Kwa hiyo Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Dakta Kitwana Shomvi, ambaye ndiye aliyeiandika Sheria ya Kigoda kwa mkono wake, alikuwa amesimama tangu alipofika. Miguu ilikuwa inamwaka moto. Alihutubia akiegemea kipaza sauti.

"Wananchi wenzangu," alisema. "Hapana, nakosea. Wanangu. Mimi siwezi kuwaita wananchi. Kila mtoto wa nchi hii ni mtoto wangu wa kumzaa. Mmoja wenu akilia kule kwake, mimi huku nasukuma sahani, nashindwa kula. Nawaambia mbele ya dunia nzima inayotutazama: sina familia nyingine, familia yangu ni nyinyi."

Makofi yakapigwa, na bendi ikaongezea ngoma.

Stamili akaingia katikati ya watu. Walipoona kile kilichoko kichwani mwake, waliacha kupiga makofi mmoja mmoja, wakampisha kama wanavyopisha jeneza. Kando ya jukwaa ulisimama mstari wa Kikosi cha Utulivu, vijana wa Mwenyekiti wa kulinda sherehe, na wa mwisho kwenye mstari alikuwa Baruti, katika koti la kahawia lenye kiraka cha kijani.

"Pole, mama," alimwambia alipompita. "Mzee anaendeleaje? Mwambie apunguze hasira, umri wake hauruhusu."

Stamili alikitazama kiraka chake, mshono wake mwenyewe. Akaendelea kutembea mpaka mbele ya jukwaa alipokuwa amesimama Sajenti Nguvumali, mtu wa taratibu, ambaye katika miaka kumi hakuwahi kuruka neno. Akakishusha kigoda chini mbele yake.

"Nimekuja kuripoti kosa," akasema. "Mume wangu amepigwa panga."

Bendi ikashusha vyombo vyake. Stamili akageuka, akashika pindo la kanga yake ili akae.

"Hatimaye," sauti ikasema.

Ilikuwa ya Waziri. Alikuwa ameshashuka ngazi. Katika maisha yake hakuwahi kuona kigoda kwa macho, maana zamu haikufika kwao, na alichokiona pale ni kiti cha heshima cha mbao nzuri, kimeletwa na mama mtu mzima aliyejifunga kanga, mbele ya kamera.

"Kiti cha machifu," aliwaambia wageni kutoka nje. "Huu ndio utamaduni wetu. Ahsante sana, mama."

Stamili angeweza kusema. Neno lilikuwa ulimini: Mheshimiwa, usikae. Mwenyekiti Kipingu alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Stamili alimwona Chande amelala na kitambaa cha daktari begani, akalimeza lile neno, na mtaa mzima ukalimeza pamoja naye.

Waziri akakaa, akanyoosha miguu, akashusha pumzi ndefu.

Na Sajenti Nguvumali, ambaye kosa ameshalisikia na mtu aliyekaa anamwona, kinywa kilimfunguka chenyewe kwa mazoea ya miaka kumi.

"Umekaa?"

"Nimekaa," Waziri akasema. "Nimekaa vizuri kabisa."

Sajenti akachana kibali, akagonga muhuri, akampa Stamili. Alipokwisha ndipo akamtazama aliyekaa, na rangi ikamtoka usoni.

"Fikirini, kimbia," Stamili alisema akinyoosha mkono na kibali nyuma yake bila kugeuka. "Mpelekee daktari, kimbia."

Lakini mkono uliokipokea haukuwa wa Fikirini. Mahimbo alikuwa ameshapiga hesabu zake: pale uwanjani, baada ya dakika chache, watu wataanza kutafutana. Akakinyakua kile kibali na kukunja kanzu, akakimbia kuelekea hospitali bila mgongo wake kumsumbua hata kidogo.

*

Waziri alielezwa kwa kunong'onezwa sikioni. Watu walimwona anavyobadilika, kwanza shingo, kisha mdomo. Alitaka kuinuka, Katibu wake akamwekea mkono begani kwa heshima.

"Usiinuke, mheshimiwa. Kamera ziko hewani. Ukiinuka hujapokewa, umevunja sheria yako mwenyewe mbele ya dunia. Aje mtu wa familia yako, akupokee, basi."

Ikapigwa simu kwa mke wake, akasema yuko kwa msusi na kichwa kimefumuliwa nusu. Ikapigwa kwa mwanawe mkubwa, akauliza kama baba yake ameshafikiria masomo yake. Mdogo wake alisema yeye angekaa, Mungu anamwona, ila ana mgongo. Mwingine alikumbusha kwamba wao ni baba mmoja tu, mama mbalimbali. Jua lilikuwa limeshafika kwenye paa la shule.

Stamili aliona wasiwasi umeanza kumpanda upya, bila kujua unatokea wapi. Kibali kimekwenda. Chande atashonwa. Kosa limepata mwenyewe. Alimshika Fikirini mkono.

"Twende," alimwambia. "Twende kwa baba yako, sasa hivi."

Walikuwa wamepiga hatua mbili tu.

"Mheshimiwa," Katibu alisema, na safari hii hakunong'ona. "Umesema hapa hapa, mbele ya vyombo vya habari. Familia yako ni hawa."

Waziri akainua uso. Ulianza kung'aa polepole, akawa tena baba wa taifa zima.

"Kweli," akasema. "Wanangu."

Hakuna aliyetikisika. Watu waliokuwa wanapeperusha bendera waliziteremsha. Akina mama waliwavuta vijana wao nyuma ya migongo yao, na kila mmoja akatazama chini, kama vile kuna kitu amekiangusha. Mwenyekiti Kipingu akainama sikioni kwa Waziri na kumwonyesha kwa kidevu yule kijana mrefu aliyekuwa anaondoka na mama yake. Nyumba ni yao, alieleza. Zamu ni yao. Haitamuudhi mtu mwingine.

"Mwanangu," Waziri aliita. "Wewe mrefu. Njoo."

Kikosi cha Utulivu kilimleta. Baruti alimshika mkono wa kulia, kwa upole.

"Huyo si mtoto wako," Stamili alisema. "Ana baba yake, yuko wodini. Aliyekuja kukaa ni mimi. Nipeni mimi."

"Mama," Waziri alimjibu kwa huzuni, akiitazama kamera. "Nchi hii haifungi akina mama. Sisi si washenzi."

Makofi yakalipuka. Jela ya wanawake ilikuwa nyuma tu ya uwanja ule, na siku hiyo upepo ulikuwa unaleta moshi wa jiko lake.

Waziri akamshika Fikirini bega. "Kijana mwenye malezi mema humpokea mzee kiti," alisema. Akainuka nusu, Baruti akakandamiza kidogo tu, na Fikirini akawa chini, magoti yake marefu yamefika kifuani. Alimtafuta mama yake kwa macho.

"Umekaa?" Sajenti aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumwa.

"Nimekalishwa," Fikirini alisema.

Sajenti alifikiri. Akamtazama Waziri, akalitazama jua, akaona jibu linatosha, na jua lilipozama akamfunga pingu.

*

Tuzo ilitolewa jioni ile ile, na Mikoroshini ikapigwa picha. Kochi la Mwenyekiti lilirudi kwake. Baruti ndiye aliyelileta, akashukuriwa.

Jumamosi adhuhuri kigoda kilihamia kwa Bi Sauda. Stamili alikipeleka mwenyewe, kimefutwa. Ndani harufu ya chapati ilikuwa imeshaanza kutoka.

Chande alifumbua macho Jumapili. Alikuwa ameshonwa vizuri. Daktari yule alimshona kwa uangalifu mkubwa, na kichwani bado hakuwa na kitambaa. Stamili alimpa maji kwa kijiko. Chande akayameza, akatazama huku na huku wodini, akatazama mlangoni.

"Fikirini yuko wapi?"

"Amekwenda kwa baba yake," Stamili alisema.

Chande alimkazia macho. Akadhani ni uchovu, au msiba umemvuruga akili.

"Mama Fikirini. Baba yake si mimi?"

Stamili alimvutia shuka mpaka kidevuni, akalinyoosha mikunjo yake kama anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukikata.

"Ulikuwa wewe," akamwambia. "Mpaka Ijumaa."